Siku mama mkwe alinitoa kwenye moto, na mimi ndiye nilikuwa chairman wa kuokoa watu

Wakuu, salamu popote mlipo.

Hii stori sijawahi kuiandika mahali. Leo naandika kwa sababu mke wangu ameketi hapa kando akila njugu, na amesema nikiongeza chumvi hata kidogo atachukua keyboard amalizie yeye. Kwa hivyo mtapata ukweli, pamoja na aibu yake.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini, Kitengela. Si hii ya magorofa. Ile ya plot moja hapa, nyingine kule, na katikati pundamilia wanakula nyasi.

Tulikuwa familia kama ishirini ng'ambo ya mto. Mvua ikizidi, mto unajaa mbele, na nyuma ule udongo mweusi unageuka uji. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Tunakuwa kisiwa bila samaki.

Kwa hivyo tukaunda kamati ya dharura, na mimi nikachaguliwa chairman. Sifa zangu? Kazini walikuwa wametupeleka mafunzo ya kuzima moto, siku moja, na nusu ya siku ilikuwa lunch. Lakini nilirudi na cheti na filimbi. Cheti nikatundika sebuleni. Filimbi nilivaa hadi kanisani.

Sasa, wiki hiyo mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Vihiga.

Wale mnatoka upande wetu mnajua. Wengine niwaeleze: kwetu mtu na mama mkwe hawashikani mikono. Hawalali chini ya paa moja. Akipita huku, wewe unapita kule. Si chuki, ni heshima, na ina uzito kweli kweli. Ndiyo maana mama alikuwa analala kwa jirani yetu, Mama Kamau, kwa nyumba yake ya mbao na mabati.

Mchana mmoja lori la mawe kutoka quarry likakwama katikati ya mto. Gari la zimamoto likaja kutoka mbali, likasimama ng'ambo ile, wakamtoa dereva kwa kamba. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni asubuhi, akarudi akapata njia imefunikwa na maji. Kwa hivyo naye alikuwa amesimama ng'ambo, kando ya hilo gari, na kikapu chake.

Upande wetu watu wote tulishuka kuona. Wengi hatukuwa tumewahi kuona gari la zimamoto karibu hivyo. Mimi nilikuwa napuliza filimbi, "Rudini nyuma hatua tatu!" Hakuna aliyerudi hata moja.

Mzee Parmuat, jirani yetu mfugaji, akanigusa bega na kunisalimia Kimaasai.

"Supa, chairman. Ule moshi ni wa chai?"

Nikageuka. Moshi mzito ulikuwa unatoka jikoni kwa Mama Kamau.

"Uuwi!" Mama Kamau akapiga kelele. "Niliacha jiko inawaka na mgeni anaoga kwa chumba!"

Mgeni ni nani? Mama wa mke wangu.

Hapo ndipo nilifanya kosa la kwanza. Nilipuliza filimbi kwa nguvu nikasema, "Kila mtu abaki hapa! Wa mafunzo anaenda kwanza!" Na wakuu, hiyo ndiyo siku pekee walinitii.

Nikakimbia. Watu wa zimamoto wakafungua maji kutoka ng'ambo, lakini nyumba ilikuwa mbali na ukingo. Maji yalipaa vizuri sana, yakaangukia mtoni.

Nikafika mlangoni. Jikoni kulikuwa kunawaka, na moto umeanza kulamba ukuta wa chumba. Mimi nikafanya nini?

Nikabisha.

"Hodi, Mama."

"Nani?"

"Ni mimi, mkwe."

"Usiingie! Niko kwa karai!"

"Mama, nyumba inaungua."

"Naona moshi. Wewe toka hapo kwa mlango nipite."

Nikasogea.

"Bado naona miguu yako hapo chini."

Nikasogea tena. Nikageuka nikatazama mto. Mama hakutoka. Baadaye tuliambiwa nguo zake zote zilikuwa zimeanikwa jikoni, kwa sababu ya mvua.

Afisa wa zimamoto akashika kipaza sauti. "Wewe wa filimbi! Kuna mtu ndani?"

"Yuko!"

"Si uingie umtoe! Unangoja nini?"

"Ni mama mkwe! Anaoga!"

Kipaza sauti kikakohoa. Kisha kikarudi, sauti ya chini kidogo.

"Ndugu, wewe ni wa wapi?"

"Vihiga!"

"Aaah. Pole sana. Hakuna mwanamke hapo karibu?"

Wanawake wote walikuwa mtoni, walikoachwa na filimbi yangu. Nikaita, "Mama!" Hakujibu. Nikaita tena. Kimya. Wakuu, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Mara nikasikia kipaza sauti kinanyang'anywa. Ilikuwa ni mke wangu.

"Baba Sharon! Huyo ni mama yangu! Niko na mmoja tu! Ingia!"

Alikuwa analia. Mto wote ulimsikia.

Kulikuwa na gunia lililolowa mvua pale nje. Mtu wa mafunzo angelifunga puani. Mimi nilijifunika kichwa chote, macho pamoja, ndiyo nisimwone mama. Nikaingia hivyo.

Hatua ya tatu nikagonga boriti na paji la uso. Sikumbuki hatua ya nne.

Nilipofungua macho, nilikuwa naona matope yakipita chini yangu. Nilikuwa mgongoni mwa mtu. Mtu huyo alikuwa amejifunga pazia la Mama Kamau, lile la maua, na alikuwa anakohoa na kutembea haraka.

Mama hakuwa amezirai. Alikuwa amenyamaza akifungua pazia kutoka dirishani.

Akanitua kwa nyasi mbele ya plot nzima, maana hapo watu walikuwa wamevunja amri yangu na kufika na ndoo. Mikokoteni ya punda ya wauza maji ilimwagwa yote. Jikoni kukateketea kote, chumba kikapona nusu.

Kipaza sauti kikauliza, "Mama, hongera! Huyo uliyemtoa anapumua?"

Kicheko cha siku hiyo nakisikia hadi leo.

Jioni ikawa shida. Kwa Mama Kamau hakulaliki. Mke wangu bado yuko ng'ambo. Nikamwambia mama, nikiwa natazama pembeni, kwamba alale kwangu na mimi nitaenda kwa Mzee Parmuat.

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Uende wapi na hilo nundu? Mtu nimembeba mgongoni si mkwe tena. Ni mtoto. Tutalala hapa wote, na ukiumwa kichwa utaniita."

Akaninyooshea kikombe cha chai. Nilikipokea mkononi mwake, mara ya kwanza tangu nioe. Nilipiga funda nikalia, na nikasema ni moshi.

Funzo langu ni moja. Mila sizikatai, na wazee wetu hawakuwa wajinga. Lakini kaeni na wakwe zenu mapema, kabla ya mvua, muulizane waziwazi: nyumba ikiungua, tunafanyaje? Sisi wawili tulikuwa tunakufa kwa adabu.

Uchairman nilijiuzulu kesho yake, na hakuna aliyeniomba nifikirie upya.

Kwenu mila inasemaje? Andikeni hapo chini. Na mkitaka kucheka chekeni tu, mke wangu ameshawatangulia na njugu zimemwagika.