Mhudumu Niliyemkagua Timboroa

Aibu hii nimekaa nayo miezi kadhaa, na kwa kuwa nusu ya Eldoret inaijua tayari, afadhali mnisikie mimi kabla hamjaletewa ile iliyotiwa chumvi.

Nilikuwa afisa wa uzingatiaji wa kanuni katika ushirika wa maziwa. Cheo ni kirefu lakini kazi yenyewe ni kuzunguka vituo vya kupokea maziwa na fomu mkononi, unatazama kama tangi la kupozea ni safi, kama baridi yake inatosha, kama mhudumu ana afya, kisha unatia sahihi. Niliifanya miaka kumi na tisa (mingi kati ya hiyo niliifanya vizuri, mniamini msiniamini).

Mwaka huu ofisi ikaleta programu ya kompyuta inayosoma fomu zote kwa dakika chache na kutoa zenye kasoro. Meneja wetu, Jepkosgei, akaniambia kwa heshima kwamba mkutano wa wanachama ndio ungeamua kama mkataba wangu uendelee ama kazi iachiwe mashine. Nikacheka. Mashine itanusa tangi?

Kabla ya mkutano nilikuwa nimebakisha kituo cha Timboroa peke yake. Asubuhi hiyo mvua inanyesha, goti linauma, na mnajua baridi ya Timboroa haina adabu kwa wazee, nikajiambia kituo kile hakijawahi kuwa na shida, nikabaki nyumbani kwangu mtaa wa Pioneer na chai yangu, nikachukua fomu ya mwaka jana nikainakili yote, nikabadilisha tarehe tu.

Siku ya mkutano ukumbi wa kanisa ulijaa, nami nikasimama kama mgombea wa kiti. "Mashine haijui watu! Mimi wahudumu wote nawajua kwa majina!" Wakapiga makofi. Ningekaa chini hapo ningepona, lakini makofi yalinilewesha, nikamwambia Jepkosgei aonyeshe fomu yangu yoyote ukutani, hata ya juzi, tuone mashine itapata nini.

Akaiweka ya juzi. Mashine ikaipaka nyekundu ukurasa mzima, ikaandika kwamba maneno yanafanana na ya mwaka jana.

"Kituo kizuri hakibadiliki," nikajibu. Watu wakacheka, nikadhani nimevuka.

Ndipo mama mmoja wa safu ya pili akainuka, akasoma ukutani polepole. "Mhudumu, Kimani. Mikono safi, kucha fupi, afya njema, hakohoi." Akanigeukia. "Mzee, huyu Kimani ulimwona wapi?"

Alikuwa Mama Wairimu, mjane wa Kimani. Kimani tulimzika mwezi wa pili. Nasema tulimzika kwa sababu nilikuwepo, nikatoa rambirambi kwa niaba ya ushirika, nikala wali wao.

Mtu akasema kutoka nyuma, "Lakini hapo Mzee hajadanganya, kweli hakohoi!" Hata mchungaji aliinamisha kichwa, mabega yanamtikisika.

Mama Wairimu hakucheka. "Kazi yake nimeshika mimi. Kipimajoto cha tangi kimevunjika wiki tatu sasa, napima baridi kwa kiganja. Wakulima wakiuliza, nawaambia tulieni, Mzee yuko njiani, akikuja ataandika."

"Nisamehe, Mama," nikasema. "Sikufika."

Jepkosgei akaitisha kura. Walionyoosha mikono kunitetea walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa shemeji yangu, ambaye aliushusha wake alipoona anatazamwa. Sikumlaumu.

Nimeifikiria sana siku ile. Mashine haikujua kwamba Kimani amekufa, na kama ningebadilisha maneno kidogo pengine ingeipitisha ile fomu. Aliyejua ni mtu, kama nilivyokuwa nimehubiri dakika chache kabla. Hoja yangu ilikuwa ya kweli, ila mtu mwenyewe hakuwa mimi. Mashine haikuninyang'anya kazi. Ilikuta nimeshaiacha, imebaki sahihi tu.

Wiki iliyofuata nilipanda Timboroa, bila fomu, nikamwomba Mama Wairimu msamaha mlangoni pa kituo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, Mzee," akarudi kusugua tangi.

Siku hizi jirani akiniuliza kama kunanyesha kule Kesses, hapo karibu tu, namwambia sijui, sijafika.