Msonobari Haukumtaja Mtu

Macario Tzoc alikuwa na miguu ya mbuzi na ulimi wa dalali, na kwa vitu hivyo viwili aliishi mjini Xetinamit miaka ishirini na minane akiwatembeza wageni. Aliwapandisha Kilima cha Misalaba kabla jua halijakomaa, akawashusha kwenye maporomoko waloweke miguu, akawapitisha kwa mchonga vinyago, na mwisho akawaleta uwanjani mbele ya kanisa, kwenye bamba la jiwe lililofunika shimo.

"Hapa kila Agosti husimama msonobari mrefu kuliko ule mnara," alikuwa akisema, akiligonga bamba kwa fimbo. "Vijana wawili, kamba mbili, wanaruka kutoka juu wakizunguka hewani mpaka chini. Nyinyi mngejikojolea!"

Wageni walikuwa wakicheka. Halafu mmoja wao, hakosekani, akauliza kama kuna aliyewahi kuanguka.

"Mmoja, zamani sana. Haya, twendeni tukanywe kahawa."

Huyo mmoja alikuwa ameketi hatua kumi kutoka pale, kwenye ngazi za kanisa, akiuza mishumaa. Jina lake Anselmo Pixcar. Mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, na masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote.

Sheria ya mti kila mtoto wa Xetinamit anaijua. Msonobari wa sherehe ya Bikira hauangushwi kama kuni. Unaombwa radhi kwanza, kwa mishumaa, ubani na pombe ya miwa, kwa sababu unang'olewa kwao bila kosa. Na vijana watakaouruka hulala siku tisa katika nyumba ya chama cha Bikira, wasimsogelee mwanamke, awe mke awe mchumba. Akikosea mmoja, mti unajua, na humtupa mkosaji. Ndivyo tulivyorithi kwa wazee, na mwenye kubisha akabishe akiwa juu kule.

Mwaka ule wa kuanguka, warukaji walikuwa Macario na Anselmo, wote wa miaka ishirini na mmoja, marafiki wa tangu kuiba mapichi ya padri. Macario alikuwa ameoa miezi minne tu. Siku ya saba, saa sita mchana, alitumwa akalete mafuta ya nguruwe ya kulainisha gurudumu la juu ya mti. Njia ya kwenda kwa muuza mafuta haipiti nyumbani kwake. Siku hiyo ilipita. Mkewe Petronila alikuwa uani anafuma, mkanda wa kufumia umemzunguka kiuno.

"We Macario! Na mti je?"

"Mti hauna macho, Nila. Wewe unayo."

Petronila akacheka, akaufungua mkanda. Kosa lenyewe lilikuwa hilo tu, la mtu na mkewe wa ndoa, na kwingine duniani wangewaombea mtoto.

Siku ya sherehe waliruka. Walipofika usawa wa paa, kamba ya Anselmo ikafyatuka, akaanguka kwenye mawe, paja likavunjika mara mbili. Macario alitua kwa kishindo lakini kwa miguu yake, kinyago usoni, marimba bado inapigwa kwa kuwa wapigaji hawakuwa wameona. Watu hawakuuliza kamba ilifungwa na nani. Waliuliza Anselmo alikuwa na nani.

"Mti umemtupa mwenyewe," wakasema, na kesi ikaishia hapo.

Macario alipovua kinyago, neno lilikuwa limemfika kooni. Akalimeza. Alijiambia atasema kesho, watu wakipoa. Kesho hiyo ilichukua miaka thelathini na mmoja.

Katika miaka hiyo chama hakikumpa Anselmo kazi yoyote, hata ya kufagia. Hakuoa. Kila Agosti Petronila alimpelekea tamale saba za unga wa mahindi, zimefungwa kwenye majani yake na kitambaa safi juu. Hakuwahi kusema za nini, na Anselmo hakuwahi kuuliza. Mwaka juzi Petronila aliugua mapafu. Akiwa kitandani alimshika mumewe mkono, akamwambia, "Mimi nimepeleka tamale, Macario. Mdomo ni wako."

Macario akamzika, na mdomo akaendelea kuutumia kwa wageni.

Mwezi wa saba mwaka huu Mzee Nicasio, mkuu wa chama, alimfuata nyumbani na kofia mkononi. Mwombaji wa zamani alikuwa amefariki. Chama kilitaka mtu mpya wa kusimama mbele ya mti na kuuomba radhi kwa niaba ya mji mzima. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo huku kwetu, na Macario aliitamani tangu nywele zake nyeusi.

"Tumekuchagua wewe, Tat Macario," alisema mzee, na hilo ndilo tunalomwita mtu tunayemheshimu. "Katika warukaji wa enzi zile, wewe ndiye uliyebaki safi."

Macario alikubali. Ndiyo, alikubali! Akamsindikiza mzee mpaka njiani, akarudi ndani, akatazama mkanda wa kufumia wa Nila ukining'inia ukutani. Siku tatu alihangaika hivyo. Siku ya nne alasiri, kesho yake ikiwa ndiyo ya kuukata mti, alikwenda kanisani akaketi ngazi moja chini ya Anselmo.

"Ya kijani imekwisha," Anselmo alisema bila kuinua macho. "Ya njano ipo."

"Sikujia mishumaa."

"Basi unanizibia wateja, kaka. Sogea. Mwili wenyewe si ule tena."

"Selmo. Mwaka ule, siku ya saba, nilikwenda kwa Nila."

Anselmo aliendelea kupanga mishumaa yake. Alipanga minne, wa tano akabaki nao mkononi.

"Siku uliyotumwa mafuta?"

"Siku hiyo."

"Ulichelewa. Tukakutania kwamba umemchuna nguruwe mwenyewe."

"Mkosaji ni mimi, Selmo. Si wewe."

"Unajua nilifanya nini walipoanza kunisema?" Sauti yake ilikuwa ya chini bado. "Miezi mitano nimelala, mguu kwenye vibao, natafuta kosa langu. Mti haukosei, sivyo? Basi lazima lipo. Nikatafuta mpaka nikalipata. Siku ya nne Tarina Lux alipita mlangoni na mtungi wa maji, nikamtazama mpaka akakata kona. Nikasema, ndilo hili. Alikuja kuniona mara tatu na uji wa mahindi. Mara ya tatu nikamwambia mama amfukuze. Nikauapia mti sitamtazama tena, yeye wala mwingine."

Macario alimjua Tarina. Aliolewa na mtu wa mashamba ya miwa huko pwani, na sasa ana wajukuu.

"Kwa mtungi, Macario!" Anselmo alipaza sauti, na wanawake wa sokoni wakageuka. "Kwa mtungi wa maji!"

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Ungeniambia nikiwa na ishirini na mbili ningekung'oa meno, halafu ningemfuata Tarina hata kwa magongo. Sasa nikusamehe nipate nini?"

Wanasema majuto ni mjukuu. Wa Macario alikuwa ameshaota ndevu.

"Wamenipa niuombe mti radhi kesho," alisema mwishowe.

"Kaombe. Kuongea ni kazi yako."

Asubuhi, msituni, wanaume arobaini walivua kofia mbele ya msonobari. Ubani ulikuwa unafuka. Macario alishika kikombe cha pombe, akataja jina lake na la baba yake kama inavyotakiwa, kisha akasema yasiyotakiwa: siku ya saba, mafuta, Nila, na mguu wa Anselmo. Alisema kwa sauti, mti usikie na watu wasikie. Hakuna aliyemtukana. Mzee Nicasio alikuja polepole, akamtoa kikombe mkononi.

"Umetuchelewesha," alimwambia.

Mti haukuguswa siku ile. Mzee alishuka mjini na watu wawili, akavua kofia kwenye ngazi za kanisa, akamwomba Anselmo apande nao, watambeba kwenye kiti, yeye ndiye awe mwombaji.

"Mti nimeuomba radhi miaka thelathini na mmoja," Anselmo alimjibu. "Sasa ni zamu yake kuniomba mimi. Na yenu vilevile."

Wakarudi hivyo hivyo. Mti ukaombwa na Mzee Nicasio mwenyewe, ukaangushwa, ukabebwa mabegani mpaka uwanjani. Macario hakuruhusiwa kuushika. Alitembea nyuma ya wote, mikono mitupu, akiokota matawi yaliyodondoka njiani.

Sherehe ikapita, mti ukashushwa, bamba likarudishwa juu ya shimo. Macario alijaribu kupika tamale mwenyewe, akaziweka saba kwenye ngazi. Jioni alizikuta palepale, kitambaa hakijafunuliwa.

Wageni wakaja tena. Akawapandisha kilimani, akawashusha kwenye maporomoko, akawaleta uwanjani, na mmoja wao akauliza kama kuna aliyewahi kuanguka. Safari hii Macario hakutaja kahawa.

"Yule pale, Anselmo Pixcar," alisema. "Kosa lilikuwa langu, mji ukamtwisha yeye, na mimi nikanyamaza."

Akawaeleza yote, jasho likimtoka kama anapanda mlima. Alipomaliza, wageni walitazama viatu vyao. Macario akageuka awaondoe.

"Macario!"

Anselmo alikuwa hajainuka wala hajamtazama. Alikuwa anafuta vumbi kwenye mishumaa yake, mmoja baada ya mwingine.

"Umeruka mtungi," alisema. "Ukisimulia, simulia na mtungi."

Macario akawarudisha wageni mpaka kwenye bamba, akavua kofia, akaanza upya, tangu msichana aliyepita mlangoni na maji.