Mnandi wa Kwenye Boneti

Ndege wa baba nilimvunja mimi. Nilikuwa na miaka kumi, nimefunga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirishani hadi kwenye shingo ya huyo ndege, juu ya boneti ya gari lake, nikatundika blanketi zito kwa maji. Shingo ilikatika, kichwa kikadondokea mferejini na maji ya mvua yakakichukua. Tulikaa Mirongo, mtaa wa mjini karibu na ziwa, na pale mfereji ukichukua kitu haurudishi.

Lilikuwa gari la zamani la Kiingereza, aliloachiwa baba na bwana wa kiwanda cha pamba ambaye baba alikuwa dereva wake. Juu ya boneti alisimama ndege wa chuma, mbawa wazi, anang'aa mpaka unafumba macho. Baba alimfuta kila asubuhi kabla hajanawa uso. Kila mgeni aliambiwa: "Huyu kaja na gari toka Uingereza. Si wa kubandika." Na baba hakuwa mtu wa uongo. Hapo ndipo tulipoogopa, mimi na mama: sasa maneno yake yangekuwa uongo.

Bahati, baba alikuwa safarini Shinyanga kwa basi. Mama hakunichapa. Alichukua sufuria yake ya maharage, ile nene aliyopewa siku ya harusi, tukaenda nayo pamoja na kiwiliwili cha ndege hadi Buhongwa, kwa fundi mmoja mzee aliyeyeyusha vyuma vikuukuu. Fundi aliikatakata, akaitia motoni. Niliona sufuria ikigeuka maji meupe yanayotetemeka, na nakiri kwamba hata kanisani sijawahi kushikwa na mshangao kama ule. Nilisahau kosa langu, nikasahau hata kupumua.

Alikandamiza kiwiliwili cha ndege mchangani apate umbo, kisha akauliza kichwa kilikuwaje.

"Cha ndege tu, mzee," mama alisema. Hakuwahi kukitazama sana.

Fundi alifikiri. Ndege anayesimama na mbawa wazi alimjua mmoja tu: mnandi, yule mweusi anayezamia samaki, kisha anakaa juu ya mawe ya ziwa akianika mbawa zake. Basi akamchongea mchangani shingo ya mnandi, imepinda, na mdomo wa ndoano. Akamimina chuma, na kilipopoa akapangusa mchanga, na sufuria ya mama ikanitazama kwa jicho moja.

Baba aliporudi alimfuta ndege kama kawaida. Tukashusha pumzi. Ila tangu hapo wageni walipouliza, alijibu tu, "Huyu hana mwenzake," na sisi wajinga tukafurahi.

Miaka ilipita, biashara huria ikaja, na magari ya Kijapani yakajaa mjini. Vijana waliliita gari la baba "marehemu". "Hayo yenu yana ndege?" aliwauliza, na kweli hayakuwa nao. Lakini magoti yake yalikuwa yamegoma kukanyaga klachi, kwa hiyo alipotokea mnunuzi wa magari ya kale kutoka Nairobi, alimkaribisha.

"Shikamoo, mzee. Mimi nataka gari lenye vitu vyake vya asili," yule bwana alisema, na akaanza na ndege. Alimfungua, akampindua. Tumboni mlikuwa na chembe za mchanga. Mama alisimama mlangoni, ameuma pindo la kanga. Nilikuwa mtu mzima na kazi yangu, lakini nilirudi kuwa yule mtoto wa blanketi.

"Samahani, mzee. Huyu si wa kiwandani. Na ndege gani anaruka na shingo hivi?"

Nilifungua mdomo nikiri. Baba akaniwahi.

"Haruki," alisema. "Anaanika mbawa. Hukupita ziwani?"

Mnunuzi alicheka. Gari angelichukua hata hivyo, alisema, maana nyumbani alikuwa na ndege halisi. Huyu angemtupa tu.

Baba alimnyang'anya ndege kwa adabu, akaenda nacho kile kipande cha sufuria hadi mlangoni, akakiweka mikononi mwa mama. "Gari chukua," alimwambia mgeni bila kugeuka. "Huyu si wa gari."

Mama alimtazama. Miaka yote ile tulipika maharage kwenye chungu, na baba hakuwahi kuuliza sufuria iko wapi.

"Kumbe ulijua?"

"Mke wangu, nyumba ilikosa sufuria, gari likapata ndege. Mimi ni dereva, si kipofu."