Mikoko Mia Sita kwenye Fomu

"Mimi nimegonga mihuri miaka thelathini na moja. Fomu ikiniona, inajijaza yenyewe."

Karani mstaafu aliyasema hayo amesimama, mbele ya wanakikundi ishirini na wawili, siku walipouliza nani atafuatilia kibali cha bwawa la samaki. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kikundi, ambaye ni dada mdogo wa mke wa karani, hakupiga.

"Shemeji, hicho si kibali cha kufungua genge."

"We niandalie kiti cha heshima, mengine niachie."

Bwawa lenyewe lilikuwa limeshachimbwa nyuma ya mikoko, kwenye uwanja wa chumvi ambako hata nyasi zilikataa kuota. Walichimba kwanza, kibali baadaye. Wengi hufanya hivyo, ndiyo maana ofisini mabenchi ni marefu. Ndani walishamwaga vifaranga elfu nne vya mwatiko, samaki anayehitaji miezi minane ili auzike kwa bei ya maana. Kibali kikikosekana, bwawa lingefungwa na jasho lote la kikundi lingekwenda na maji.

Karani alianzia ofisi ya Uvuvi. Wakamwambia alete barua ya Misitu kwamba pale si msituni. Misitu wakasema barua yao hutoka baada ya cheti cha Mazingira. Mazingira wakampa kiti, wakampa maji ya kunywa, kisha wakamwambia cheti huanza na barua ya Uvuvi. Alirudi nyumbani akachora duara nyuma ya bahasha, akalitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mgongo wake mwenyewe. Maisha yake yote alikaa upande wa pili wa meza. Hakuwahi kujua kwamba upande huu benchi lina msumari.

Wakati huohuo afisa uvuvi alipita bwawani, akaona kingo zinamong'onyoka kila maji ya bamvua yakijaa. "Pandeni mikoko," akashauri. "Mizizi itashika udongo." Kina mama wakapanda miche mia sita kuzunguka bwawa. Ikashika.

Mwezi wa tatu wa kuzunguka, Misitu wakalegea, wakampa Karani fomu ya kurasa tisa. Kulikuwa na kifungu: taja mimea iliyopo kwenye eneo. Mtu mwingine angepiga mstari akaenda zake kulala. Lakini karani wa kweli haachi nafasi wazi. Kwake nafasi wazi ni sawa na kutoka nje bila suruali. Akaandika kwa mwandiko wake wa kulaza: "Mikoko mia sita, inastawi vizuri sana."

Baada ya wiki akaja afisa misitu, kijana mpole, na fimbo na daftari. Alihesabu mpaka shati likamganda mgongoni.

"Mzee, hapa ni msitu."

"Tumepanda sisi wenyewe."

"Hongereni."

"Kabla ya hapo palikuwa peupe, panya hana pa kujificha."

"Nakuelewa, mzee. Ila mimi naandika kinachoonekana leo. Na wewe mwenyewe umekiandika, tena kwa mwandiko mzuri."

"Basi tuing'oe," mwenyekiti akasema.

"Mama, kung'oa mkoko ni kosa."

Zikaja barua mbili, siku moja. Ya Mazingira iliagiza kwamba, kwa kuwa bwawa limo ndani ya mikoko, kingo zibomolewe ndani ya siku ishirini na moja, maji ya bahari yapite. Ya Misitu ilikataza mtu yeyote kugusa kingo zilizoota mikoko. Mihuri ya zote mbili ilikuwa imenyooka, wino umekolea. Karani akazipanga mezani, ya kushoto akaihamishia kulia, akasoma upya. Hazikubadilika. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mkewe akamuuliza kama kichwa kinamuuma.

Kwenye mkutano mwenyekiti hakuzunguka. "Shemeji, tunabomoa au hatubomoi?"

"Inategemea unaanza na barua ipi."

"Anza na unayoipenda."

"Nikitii hii, ile inatushtaki. Nikitii ile..." Akaziweka zote chini. "Sielewi, shemeji. Nimezisoma mara kumi na moja. Kila neno nalielewa, barua siielewi."

Hakuna aliyecheka, hata mwenyekiti, ambaye tangu asubuhi alikuwa amejiandalia utani wake. Aliuliza jambo moja tu: samaki wametajwa wapi? Karani akapitisha kidole kwenye barua zote mbili, mstari kwa mstari. Hawakutajwa popote.

Siku ya ishirini wakaingia na nyavu, wakawavua wote, samaki wa miezi minne, urefu wa kalamu. Kingo waliziacha zijadiliane na barua. Karani naye aliingia majini, suruali imekunjwa magotini, bado akiuliza kila aliyekuwa karibu kama kuvua ni kugusa. Kufika sokoni, wanunuzi wakauliza samaki hawa wamekatiziwa nini masomo yao. Fungu la samaki kumi lilikwenda kwa shilingi mia mbili tu.