Siku Tuliyonuka Sambaza

Juzi, kwenye mlango wa dharura wa hospitali, niliona bomba la kunawia la wakati wa korona limeshika kutu.

Wakati ule wa korona nilikuwa na miaka minane. Maman alikuwa akikaanga sambaza, dagaa wa ziwani, tumbo lilipomkata upande wa kulia, tukafika pale tukinuka mafuta na samaki. Kila Maman aliposogea, muuguzi wa mlangoni alirudi nyuma, akamwambia:

"Hauna homa, Maman. Rudi nyumbani, unywe maji."

"Lakini haujanigusa hata!"

"Rudi. Hapa kuna bagonjwa ba kweli."

Nilidhani nimeelewa. Nikamvuta kitenge. "Maman, tuende tuoge kwanza. Tukirudi batatupokea."

Maman alinitazama, macho yakamjaa machozi. Kisha akaketi sakafuni, katikati ya mlango.

"Hatunuke, mwanangu. Sitoki hapa."

Daktari aliyetaka kupita ndiye aliyeinama akamgusa tumbo. Walimpasua jioni ileile. Kidole tumbo kilikuwa karibu kupasuka.

Sasa najua muuguzi aliogopa korona, si harufu yetu. Nilipomwambia Maman hivyo juzi, aliitikia kwa kichwa.

"Na mimi niliiogopa. Ningekuwa peke yangu, ningerudi nyumbani. Sikutaka ukue ukizani tunanuka."