Swichi ya Dirishani

Mume wangu alipokufa sikulia. Naanza na hilo kwa sababu wifi yangu, dada wa marehemu, ndilo alilokuwa anaanza nalo kila mgeni akiingia. Anabana sauti puani: "Mwe! Huyu hajatoa chozi hata la kuazima." Halafu anapenga kwa ncha ya kanga, yeye aliyelia kwa niaba ya ukoo mzima.

Sio kwamba nilikataa. Halikuja tu. Nilikaa ndani na eda yangu, nikaangalia ukuta. Ugali ukija nakula, usipokuja siuulizi. Watu wakinishika mkono kusema pole, naona mkono umeshikwa, basi, kama vile wa mtu mwingine.

Mimi shule sikwenda, ila sauti za watu naziiba tangu usichana. Mwenyekiti wa kijiji, muuza dagaa, shekhe mwenyewe, mtu akitoka kwangu hajafika barabarani nishamfanya, na watu wako chini wanagaagaa kwa kicheko. Lakini niliyemfanya vizuri kuliko wote ni mume wangu. Akifika uani na gari lake anazima injini, anakohoa, halafu kabla hajafungua mlango anapaza neno lake. Miaka yote neno hilo hilo. Wajukuu walikuwa wananiomba, "Bibi, mfanye babu!" Namfanya, na yeye mwenyewe anacheka mpaka anashika mbavu. Tangu tumzike hakuna aliyeniomba. Na mimi sikujaribu.

Gari lenyewe alilinunua kule Korogwe, kwenye shamba la mkonge, shamba lilipokuwa linakufa na wakubwa wanauza mpaka vitanda. Hata wakati huo lilikuwa zee. Alilibebea mahindi kutoka Kwedizinga mpaka sokoni, alinibeba nalo mimi na mimba zangu zote. Baadaye macho yake yakaharibika, gari likakaa uani chini ya mabati, kuku wakalipenda.

Arobaini ilipopita akaja mwanangu wa Korogwe. Huyo anaongea kama anasoma taarifa ya habari. "Mama, tuwe wakweli. Lile gari ama tulifufue, ama tulitoe. Nitalipeleka gereji Korogwe, injini ijaribiwe. Ikikubali, nalitengeneza lote, bodi, viti, rangi. Ikikataa, mtu wa chuma chakavu analichukua. Nimeshaongea naye."

Nikamwambia, "Ijaribiwe hapa."

"Mama, vifaa viko gereji."

"Na mimi niko hapa, ndani ya eda. Unataka niisikie kwa simu?"

Nilikuwa na langu moyoni, sikumwambia. Nilifikiri, gari likinguruma pale uani, labda hiki kifua kitafunguka. Nimeletewa kisomo, nimeletewa nguo zake nizinuse, nimenusa, zinanuka sabuni. Lilikuwa limebaki gari. Likikatwa vipande, sina kingine cha kujaribia.

Basi akaletwa fundi umeme wa magari, Msambaa wa Korogwe, mtu wa kucheka peke yake. Kwa kuwa mimi nilikuwa ndani na yeye si mtu wa kuniona, alisimama mbali akalisalimia dirisha. "Shikamoo bibi!" Nikaitikia marahaba nyuma ya pazia, nikaacha kitundu kidogo cha jicho.

Akafungua boneti. Nikamsikia anapiga mluzi. "Panya hawa walikuwa na harusi humu. Waya zote wamekula."

Mwanangu akauliza, "Kwa hiyo haiwezekani?"

"Inawezekana, bosi. Hizi za zamani siziungi, nazitupa. Leo tunafunga za muda tu. Injini ikitaka kuwaka haihitaji taa wala honi. Iko kama mgonjwa, tuipe damu na dripu, tuone kama inapumua."

Akaweka betri ya gari lake chini, kwenye kipande cha ubao. Waya mnene mmoja akaubana kwenye chuma cha gari, mwingine akaupeleka kwenye stata, ile ya kuzungushia injini. Petroli akaitia kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaitundika kwenye boneti na mpira mwembamba ukashuka mpaka kwenye kabureta. Kweli ilikuwa dripu. Nilishaiangalia moja hospitali ya Handeni mpaka ikaisha, kwa hiyo naijua.

Halafu akatoa swichi. Sio ya gari, swichi nyeupe ya ukutani, ya kuwashia taa ya chumbani. Akaifunga katikati ya waya mwekundu uliokuwa unatoka kwenye betri kwenda kwenye koili, ile inayopeleka moto kwenye plagi. Akachomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma, akazungusha injini. Moto ukaruka, wa bluu, hata mimi niliuona. Akairudisha plagi.

"Sasa nataka mtu wa swichi," akasema. "Mimi mikono yote iko kwenye kabureta. Bosi atashika stata. Injini ikianza kuvuma ovyo, au moto ukishika, mtu azime hapo hapo. Funguo hakuna hapa, ni hii swichi tu."

Wote wakamgeukia wifi, aliyekuwa uani anatazama. Wifi akarudi nyuma mpaka akagonga banda la kuku. "Mimi? Umeme? Niushike nimfuate kaka yangu? Siku zake zilifika, zangu bado!"

Nikasema kupitia pazia, "Nipeni mimi."

Wifi akanigeukia. "Wewe uko eda! Hutoki!"

Fundi akacheka kidogo, kwa adabu. "Shangazi, bibi hatoki. Waya ndio unaingia."

Na kweli ukaingia. Akauongeza urefu, mwanangu akaupitisha kwenye nondo za dirisha, swichi ikanifikia mkononi ikiwa inaning'inia. Nyepesi, kama kisahani cha mtoto. Wifi akaenda kukaa kwenye kinu.

Wakati huo mtu wa chuma chakavu alikuwa ameshafika na lori lake. Kijana wa mjini, maneno yote ya Dar. "Oya fundi, hiyo mashine imeshakula chumvi, iache ipumzike! Maza, pole sana kwa msiba, lakini mimi nina ratiba."

"Washa, bibi!" fundi akaita.

Nikabonyeza chini. Stata ikalia, injini ikazunguka gurugurugu. Hakuna kitu.

"Zima. Washa tena!"

Nikazima, nikawasha. Gurugurugu. Hakuna. Fundi akashika hiki, akagusa kile. Akamwaga petroli kidogo juu ya kabureta. Hakuna. Kila mara betri ikawa inachoka, mlio unazidi kuwa wa mtu anayekata roho. Nilikuwa naangalia kidole changu kikifanya kazi yake. Nikajisemea, basi, linaenda. Hata hilo halikuniuma. Nililiona tu, kama unavyoona mvua kwa jirani.

Yule kijana akaanza kuburuta mnyororo kutoka kwenye lori. "Chuma ni chuma, fundi. Kila kitu kina siku yake."

Mwanangu akasafisha koo, na ile sauti ya taarifa ya habari. "Nadhani tumefanya tulichoweza."

Fundi akajikuna kichwa. "Moto niliuona kwa macho yangu. Bibi, samahani. Unabonyeza upande gani?"

"Chini. Kama taa."

"Chini ya wapi?"

"Chini ya chini! Chini si iko chini?"

Akaja karibu na dirisha, ameangalia pembeni ili asinione. "Ina alama nyekundu, upande wa kuwasha. Iko wapi?"

Nikaitazama. Kidoa chekundu kilikuwa juu. Mwanangu aliponipitishia kwenye nondo ilikuwa imepinduka, na mimi nikaipokea hivyo hivyo. Swichi isiyo na ukuta haina juu wala chini. Kila nilipowasha nilikuwa nazima, na kila nilipozima, pale ambapo hakuna aliyekuwa anazungusha, nilikuwa nawasha.

"Iko kichwa chini, miguu juu," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Hata wifi kwenye kinu akacheka, halafu akakumbuka msiba akajifuta. Kijana wa lori akasema, "Maza, umetuua!" Nikaigeuza swichi.

"Sasa washa!"

Ikazunguka mara moja, ya pili ikalipuka, pah, kuku wakaruka. Halafu ikashika.

Ndiyo yenyewe. Ule mngurumo wake wa kuchechemea, unaokaza halafu unalegea, kama mtu mnene anapanda ngazi. Nondo zikatetemeka. Moshi ukaingia mpaka kitandani, ule ule. Nikasimama na swichi mkononi, nikangoja. Nikajiangalia kifua kama unavyoangalia sufuria, kama itachemka. Nikangoja.

Haikuchemka.

"Zima bibi! Rejeta haina maji, itaungua! Zima!"

Nikazima. Injini ikajitikisa, ikanyamaza. Uani kimya, hata kuku.

Na mdomo wangu ukakohoa. Sikuutuma. Ukakohoa kile kikohozi chake cha tumbaku, halafu ukapaza neno lake, kwa sauti nene, kutoka nyuma ya pazia:

"Humu ndani kuna watu, au kuna njaa peke yake?"

Nilisikia mnyororo unaanguka. Fundi, ambaye hakumjua marehemu hata kwa picha, alivua kofia. Wifi alitoa sauti ambayo mimi siwezi kuifanya mpaka leo, akaanguka pembeni ya kinu, akalia kilio kingine kabisa, sio kile cha wageni. "Kaka! Kaka yangu!" Mwanangu alikuwa amegeukia gari, mabega yanapanda na kushuka. Alipoongea hakuwa tena mtu wa habari. Alikuwa yule mtoto aliyekuwa analala kwenye magunia ya mahindi.

"Rudisha lori lako," akamwambia yule kijana. "Gari haliendi popote."

Kijana aliokota mnyororo taratibu, asiupigize.

Mimi nilikaa kitandani. Macho makavu. Nilikuwa nasikia njaa, kwa kweli, hiyo tu.

Gari liko Korogwe sasa, wanalifunga waya mpya, za kudumu, mwanangu ananipigia kunieleza rangi zake. Fundi siku ile alifungua betri yake na chupa yake akaondoka navyo. Swichi nilimwomba aniachie. Imening'inia kwenye nondo na kipande chake cha waya mwekundu. Mchana nikikaa pale naibonyeza. Kidoa juu, kidoa chini.

Wifi ananisikia kutoka jikoni. Siku hizi haulizi tena machozi yangu. "Wifi, hiyo inawasha nini?"

"Haiwashi kitu."

"Sasa unabonyeza nini?"

"Pakua chakula," namwambia. Kwa sauti yangu.