Milioni Moja na Moja

Mwanangu, mvua ikinyesha mchana kama leo, mawazo yangu hurudi kwetu Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka Kindu, wakati wa vita vya zamani, mama yako hajazaliwa. Treni ilikuwa haifiki tena Kindu, chumvi ilikuwa adimu hata tukailamba kama sukari, na shule zilikuwa zimefungwa. Mimi na kaka yangu Amisi tulikuwa vijana wakubwa, hatuna la kufanya. Siku moja ya mvua Amisi akasema anakwenda porini kujiunga na watu wa bunduki, kwa kuwa kule angalau wanakula.

Mama alilia. Baba mdogo Ramazani, mwalimu wa hesabu, hakugombana naye. Aliokota kaa la jikoni, akaandika mlangoni: 1 000 001.

"Amisi, hii namba inagawanyika? Ao njo tasa, haikubali ila moja na yenyewe? Unipe jibu, kisha tutaongea safari yako."

Amisi aliona ni jambo dogo. Tukakaa barazani tukigawanya. Tatu ikakataa. Saba, kumi na moja, kumi na tatu, zote zikaacha baki. Mvua ikakatika, mlango ukajaa weusi. Tisini na saba nayo ilipokataa, Amisi akatupa kaa chini.

"Baba mudogo, njo tasa! Hakuna kitu inaigawanya."

"Umejaribu zote?"

"Nimechoka."

"Sikukuuliza kama umechoka, mutoto yangu."

Amisi akaliokota kaa kwa hasira, akajaribu tasa iliyofuata: mia moja na moja. Ikaingia sawasawa, mara 9901, bila baki. Ah, kile kicheko chake! Mama alitoka jikoni mbio akidhani kuna hatari. Tulikuwa hatujacheka nyumbani siku nyingi.

"Na hii 9901?" akauliza Amisi mwenyewe.

Hiyo ilimkalisha. Aliijaribu hadi tisini na saba, ikakataa kabisa, naye akataka kuendelea. Baba mdogo akamshika mkono. "Hapa simama. Za chini ya mia zote zimekataa. Namba mbili zikifika mia zote, ukizizidisha unapata elfu kumi ao zaidi. Yako haifiki. Hii njo tasa ya kweli."

Amisi akataka namba nyingine, na nyingine tena. Watu wa bunduki wakapita bila yeye. Wenzake wengi waliowafuata hatukuwaona tena. Yeye alizeeka, akafia kitandani mwake, wajukuu wakiwa wamemzunguka.

Basi mwanangu, usikate shauri la maisha ukiwa na njaa au uchovu. Lipo jambo linalofunguka ukijaribu mara moja zaidi, na lipo lisilofunguka kamwe. Pima mpaka ujue lako ni lipi, na ukishajua, liache bila uchungu. Mungu akupe subira ya kuendelea na akili ya kusimama, akuzeeshe kati ya watu wako. Amina.